UZI: Mmoja ana Gold, mwenzake hana kadi. Namna ya kupandishwa daraja wote wawili na kukaa pamoja

#1 KaskaziNaKusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya wanandoa wanaosafiri pamoja yamekuwa mengi kwenye nyuzi za nauli, na majibu yake yamechanganyika mno. Tuyaweke hapa pamoja, kila mwenye ujuzi ajazie.

La kwanza, na mengine yote yanatoka hapa: hadhi, yaani ngazi ya uanachama kama Silver au Gold kwenye programu ya maili (pointi za wasafiri) ya shirika la ndege, ni ya mtu. Si ya ndoa na si ya buking. Anayesafiri na mwenye Gold anapata kile tu ambacho kanuni zinamruhusu mwenye kadi kumgawia, na hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

La pili, tofautisheni mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja.

Kuna huduma za muungano wa mashirika, yaani Star Alliance, SkyTeam na oneworld. Hapo mwenye Gold wa Star Alliance, Elite Plus wa SkyTeam au Sapphire wa oneworld anaingia launji, ukumbi wa kupumzikia uwanjani, na mgeni mmoja, anapanga foleni ya kipaumbele, anaongezewa mzigo. Mgeni wake anaingia launji. Mzigo wa ziada ni wa mwenye kadi peke yake.

Kuna kupandishwa daraja, yaani kutolewa siti za kawaida za nyuma na kupelekwa za biashara mbele. Hakuna muungano hata mmoja unaoahidi kumpandisha mtu bure kwa sababu ya kadi. Ahadi hiyo inatolewa na shirika kwa wanachama wake lenyewe, na mashirika yanayoitoa kama utaratibu wa kawaida ni yale ya Marekani kwenye safari za ndani na za jirani. Video nyingi mnazotumiana za "mwanachama na mwenza wake wamepelekwa mbele bure" ni za huko. Ukipanda Nairobi kwenda Amsterdam au Dar kwenda Doha, habari hiyo haikuhusu.

Halafu kuna siti yenyewe. Mnaweza kupandishwa wote wawili na bado mmoja akakaa 2A na mwingine 5K.

Kwa safari zetu za kutoka Afrika Mashariki, njia za kufika mbele ni nne: kulipa kwa maili, kuweka dau (kutaja kiasi ulicho tayari kulipa), kununua kwenye chekini au kaunta, na shirika kukupandisha lenyewe kwa sababu nyuma kumejaa. Hiyo ya mwisho wawili mkiwa pamoja ni ngumu kuliko mtu mmoja. Shirika likiwa limeuza siti moja zaidi ya zilizopo, linatafuta mtu mmoja wa kuhamisha. Kwa kawaida linaanza na mwanachama wake mwenye hadhi, mwenye nauli ya juu, asiye na mtoto mchanga wala chakula maalumu. Buking ya watu wawili inarukwa.

#2 MamaSwaleh

Ahsante kwa uzi, mkuu. Naomba kuuliza hapo kwenye buking. Mume ana Gold, mke hana kadi. Wakate tiketi kwenye buking moja au kila mtu na yake? Nimeona watu wanashauri zitengwe ili mwenye Gold asivutwe chini na mwenzake.

#3 WakalaWaTiketi

Dada MamaSwaleh, anzeni na buking moja. Sababu ni hii: buking moja inaweza kugawanywa wakati wowote, lakini mbili zilizokwisha kutengana haziwezi kuunganishwa tena kuwa moja. Mlango ni wa upande mmoja.

Faida za kuwa pamoja: ndege ikichelewa au kufutwa mfumo unawahamisha wote kwenda ndege ileile, mabegi yanasajiliwa pamoja, na mashirika kadhaa yanamruhusu mwenye hadhi kumchagulia siti bure hata yule aliye naye kwenye buking hiyo. Ukitenga, siti ya mke inalipiwa.

Hasara ni moja ila ni kubwa. Siti ya mbele ikibaki moja tu, mfumo unaona watu wawili na unapita. Kwenye maili ndivyo inavyojitokeza zaidi. Ukitafuta nafasi ya kupandishwa watu 2, tovuti inasema hakuna. Ukitafuta mtu 1, inaonyesha ipo. Kwa hiyo tafuta mara mbili, ya watu wawili na ya mtu mmoja, kabla hujakata tamaa. Ikionekana ya mtu mmoja, mna uamuzi wa kufanya: mmoja apande sasa na mwingine asubiri, au wote msubiri. Mkiamua mmoja apande, hapo ndipo mnaomba kugawanya.

Utaratibu wa kugawanya:

Piga simu au nenda ofisini kwa aliyetoa tiketi. Kama tiketi imetolewa na wakala, shirika linaweza kukurudisha kwake, kwa hiyo anza huko. Sema unataka abiria mmoja atolewe kwenye buking, na utaje ni nani. Yule anayetolewa anapewa namba mpya ya buking, yenye herufi na tarakimu 6. Namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13, haibadiliki. Tarakimu 3 za mwanzo zinakuambia tiketi ni ya nani: 706 Kenya Airways, 071 Ethiopian, 197 Air Tanzania, 074 KLM, 157 Qatar, 176 Emirates, 235 Turkish.

Kabla hujakata simu, omba buking mbili ziandikiwe maelezo ya kufungamana. Kwenye mfumo yanaandikwa kama OSI TCP2, yaani msafara huu ni wa watu 2, ikifuatiwa na namba ya buking ya pili. Maelezo hayo hayalazimishi kompyuta kufanya lolote, lakini ofisa wa geti anayeangalia skrini anajua kuna mwenzake. Bila hayo, ninyi ni watu msiojuana.

Kisha hakikisha siti, chakula maalumu na namba ya uanachama havikudondoka. Vinadondoka mara nyingi kwa yule aliyehamishwa kwenye namba mpya.

#4 Anga_Kusini

Nijazie kwenye dau, maana hapo ndipo wawili wanapata hasara ya pesa.

Mashirika mengi yanatumia mfumo wa Plusgrade: unapata barua pepe, unaburuta kitelezi cha kiasi, unaweka kadi ya benki, unasubiri jibu siku chache au saa chache kabla ya safari. Someni kwa makini pale chini ya kitelezi. Kiasi ni cha kila abiria, kwa kila kipande cha safari, yaani kila ndege mnayopanda. Ukiweka dola 250 na buking ina watu 2, kadi inakatwa 500. Mkiwa na vipande viwili na mkaweka dau kwa vyote, kila kipande kinaamuliwa peke yake, kwa hiyo mnaweza kupata kile cha saa mbili na kukosa cha saa nane. Weka dau kwenye kipande kirefu tu, cha usiku.

Na dau ni la wote au hapana. Huwezi kumwekea mmoja kati ya wawili mlio kwenye buking moja. Shirika likiwa na siti 1 iliyobaki, dau lenu la 500 kwa jumla linashindwa na dau la mtu mmoja la 260, kwa sababu lenu haliingii.

Ile rangi ya kitelezi inayosema dau lako ni dhaifu au imara isiwaongoze. Imewekwa kukufanya upandishe dau kabla hujapandishwa daraja. Kipimo kizuri ni tofauti ya nauli: angalia siti ya mbele inauzwa kiasi gani siku hiyo, toa nauli mliyolipa, na msivuke robo mpaka theluthi ya tofauti. Huo ni mtazamo wangu, si kanuni ya shirika. Halafu angalia ramani ya siti za mbele. Zikibaki 10 au zaidi siku 3 kabla, kiwango cha chini kinaweza kutosha. Zikibaki 3, wawili msitegemee dau.

Mambo mnayoyapoteza dau likikubaliwa: ada mliyolipia siti ya nyuma kwa kawaida hairudi, maili na pointi za hadhi zinahesabiwa kwa nauli ya awali, si ya biashara, kiwango cha mabegi kwa mashirika kadhaa kinabaki kile cha tiketi ya awali, na launji si lazima iwemo. Soma masharti ya dau, hayafanani na masharti ya tiketi ya biashara.

#5 BintiMrima

Kuna kosa linalowapata wanandoa wapya na halizungumzwi: jina.

Mke amefungua akaunti ya maili kwa jina la ndoa. Pasipoti bado ina jina la baba yake. Tiketi lazima ifuate pasipoti. Matokeo yake namba ya uanachama inakataliwa kuingia kwenye buking, au inaingia na safari haihesabiwi. Mpangilio uwe huu: pasipoti kwanza, akaunti ya maili ifuate pasipoti, tiketi ifuate zote mbili. Kama mna mpango wa kubadilisha pasipoti, badilisheni kabla ya kukata tiketi, si kati ya kukata na kusafiri.

Majina yetu nayo yana mtego. MOHAMED, MUHAMMAD na MOHAMMED kwa kompyuta ni watu watatu. Mwenye majina matatu, jina la kati likikaa kwenye akaunti na kukosekana kwenye tiketi kwa kawaida linavumilika, lakini jina la mwisho lisipofanana halivumiliki. Angalia ule wa juu kati ya mistari miwili ya chini ya pasipoti, wenye alama za <<<, ndio mashine inausoma. Jina lililo kabla ya alama mbili za << ndilo la ukoo. Andika hivyohivyo kwenye akaunti.

Na namba ya uanachama iwekwe kabla ya chekini. Ukishapewa pasi ya kupandia isiyo na hadhi yako, kwa mfano haina *G ya Star Alliance, mlinzi wa launji hana cha kukusaidia mpaka kaunta iichape upya. Mume na mke kila mmoja aangalie pasi yake pale pale kaunta.

Safari isipohesabiwa, tunzeni pasi ya kupandia na risiti ya tiketi mpaka maili ziingie. Kila programu ina ukomo wa kudai.

#6 Msafiri_Eldoret

Watu wa buking na majina wamemaliza kazi. Mimi nataka tuongee hesabu, kwa sababu swali ambalo wanandoa wangepaswa kuuliza mwanzoni ni hili: tutafute hadhi kwa wote wawili au kwa mmoja?

Chukua Flying Blue, programu ya maili ya Air France na KLM, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Silver inahitaji XP (pointi za hadhi) 100, Gold 180, Platinum 300, kila moja ndani ya miezi 12. Na hesabu ya XP inakatwa kila ukipanda ngazi: ukifika 100 unakuwa Silver, 100 inaondoka, unaanza kuzitafuta 180. Kwa hiyo kutoka sifuri mpaka Gold ni XP 280, si 180. Wengi wanajikwaa hapo.

Nairobi hadi Amsterdam iko kwenye kundi la maili 3,500 hadi 5,000: daraja la kawaida XP 10, biashara XP 30. Amsterdam hadi London ni kundi la chini ya maili 2,000: kawaida 5, biashara 15. Kwenda na kurudi Nairobi–Amsterdam–London:

kawaida: (10 + 5) × 2 = XP 30
biashara: (30 + 15) × 2 = XP 90

Sasa mume anasafiri kikazi mara 3 kwa mwaka, kawaida, XP 90. Safari ya nne ni ya familia, wote wawili, XP 30 kila mmoja. Mume anafika 120, Silver tayari na 20 zinabaki mkononi. Mke ana 30 na atabaki hapo. XP haziunganishwi. Kinachounganishwa ni maili, kupitia Flying Blue Family, na maili hazikupi hadhi.

Utaratibu huo uko kwingine pia. Emirates wana My Family, watu hadi 8 wanachangia maili za Skywards (programu yao) kwenye mfuko mmoja, lakini maili za ngazi, zile 25,000 za Silver na 50,000 za Gold, kila mtu anazitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwa wanandoa wasio na watoto wanaosafiri pamoja, hadhi moja inatosha. Wa pili anaingia launji kama mgeni. Fedha ambayo ingetumika kumtafutia mke Silver ya Flying Blue isiyo na launji, itumieni kununua siti nzuri au kupanda kwa maili. Maili za wote ziingie mfuko mmoja, kwa sababu kupanda watu 2 kunakula mara mbili na akaunti mbili zenye nusu nusu hazipandishi mtu.

Hali inabadilika mkiwa na watoto wawili. Mgeni ni mmoja tu. Mmoja akiwa na Gold, wanne mnaingia wawili na wawili wanabaki nje. Wote wawili mkiwa na Gold, kila mmoja anaingiza mtoto mmoja. Hapo hadhi ya pili ina thamani.

#7 MamaSwaleh

Kaka Eldoret, hiyo ya 280 sikuwa naijua. Na wale ndugu zetu walioko Marekani, wanaposema wamepandishwa na wake zao bure, kanuni yake ni ipi?

#8 Diaspora_Ohio

Dada, kanuni ni kwamba mwanachama mwenye hadhi wa United, Delta au American anaingizwa kwenye orodha ya kupandishwa kwenye safari za ndani, na mwenza mmoja anaingia naye. Mmoja. Familia ya wanne kwenye buking moja mara nyingi haichakatwi yenyewe. Inabidi upige simu, mwenye hadhi na mwenza wake watolewe kwenye buking yao.

Dirisha linafunguka kwa ngazi. Delta: Diamond na Platinum saa 120 kabla, Gold saa 72, Silver saa 24. American: Executive Platinum saa 100, Platinum Pro saa 72, Platinum saa 48, Gold saa 24. Mwenza asiye na hadhi akiwa nawe, anabebwa na ngazi yako. Lakini mnahitaji siti mbili kwa wakati mmoja, na siti za mbele zinakwisha moja moja, ndiyo maana wawili wanaona orodha ikiwaruka.

Kwenye United na Delta, msinunue tiketi ya bei ya chini kabisa, ile ya Basic. Haipandishwi hata mwenye hadhi awe nani. Mmoja akinunua Basic na mwingine nauli ya kawaida, mmeshaachana tayari.

Kuna njia ya uhakika zaidi, vyeti na pointi za kupandia. United wanatoa PlusPoints. Anayefikia Platinum anapata 40. Safari ya ndani ni 20 kwa mtu kwa upande mmoja, kwa hiyo 40 inawabeba wawili upande mmoja wa safari ya ndani. Safari ndefu ya kimataifa kwenda biashara ni 40 kwa mtu kwa nauli zinazokubalika, na inapanda mpaka 80 kwa nauli za chini, kwa hiyo mwenye Platinum peke yake hawezi kuwabeba wawili kuvuka bahari. Angalia kwanza herufi PZ, zinazoonyesha siti zilizo wazi kwa kupandia, kwenye tovuti za kulipia kama ExpertFlyer. PZ2 maana yake wote wawili mnathibitishwa hapo hapo. PZ1 ni mtu mmoja. PZ0 ni orodha ya kusubiri.

American wana vyeti vya Systemwide. Kila cheti kinabeba mtu mmoja upande mmoja, hadi vipande 3, na mwenye navyo anaweza kumpa mtu yeyote, hata asiposafiri naye. Vyeti viwili ni wanandoa upande mmoja.

Na moja ambayo wanandoa wengi hawaijui: United wanahesabu maili za maisha. Ukifikisha milioni 1 ulizoruka na United, unapewa Gold ya kudumu, na unaruhusiwa kumteua mwenza mmoja apewe hadhi ileile. Milioni 2 ni Platinum. Pale juu tumesema hadhi haihami kwa ndoa. Hapa inahama, na unaichagua mwenyewe ndani ya akaunti. Delta nao, anayefikia Diamond anaweza kuchagua kumzawadia mtu Gold kama moja ya tuzo zake za mwaka.

#9 KaskaziNaKusi

Mkuu Ohio, ongeza na hii, wengi wenye kadi ya ShebaMiles ya Ethiopian wanaipuuza. Gold wa ShebaMiles ni Gold wa Star Alliance, lakini akipanda United kutoka Dallas kwenda Newark haingii kwenye orodha ya kupandishwa. Orodha ile ni ya wanachama wa United. Kinyume chake, anaingia United Club, launji ya United, na mgeni mmoja hata kwa safari hiyo ya ndani, jambo ambalo Gold wa United mwenyewe hapati kwa hadhi yake kwenye safari ya ndani. Kwa wanandoa wanaounganisha ndege ya ndani kisha ndege ya Addis Ababa, kadi ya ShebaMiles ina faida kubwa kuliko inavyoonekana. Onyesheni pasi ya kupandia yenye *G.

#10 Anga_Kusini

Turudi kwenye siti, maana kichwa cha uzi kinasema kukaa pamoja.

Kabla ya kulipia kupanda, angalia mpangilio wa mbele. Boeing 787 za Kenya Airways zina siti 30 za biashara kwa 2-2-2, yaani kila safu ni siti mbili, ujia, mbili, ujia, mbili. Cloud Nine, daraja la biashara la Ethiopian, kwenye 787-8 ni siti 24, nayo 2-2-2. Kwa wawili mpangilio huu ni mzuri mno: mnakaa bega kwa bega popote. Ubaya ni kwamba wa dirishani anamruka wa ujiani akitaka kutoka usiku. Mpangilio wa 1-2-1, kama kwenye 787 za KLM, unawataka mchague zile za katikati. Za dirishani ni za mtu mmoja mmoja na mtaongea kwa ishara. Qsuite, siti ya biashara ya Qatar, nayo ni 1-2-1, na vitanda vinavyoungana kuwa kimoja ni vile vya katikati vinavyotazama nyuma. Vya katikati vinavyotazama mbele haviungani. Ukiandikiwa kwenye buking "katikati" bila kuangalia upande, utafika ukute meza kati yenu.

Mkibaki nyuma, msilie. A330 kwa kawaida ni 2-4-2, na zile mbili za dirishani ni zenu peke yenu. 787 na A350 ni 3-3-3. Hapo chagueni dirisha na ujia, A na C, muache B katikati. Ndege isipojaa, B inabaki wazi kwa sababu hakuna anayeichagua kwa hiari. Ikijaa, yeyote atakayepewa B atakubali kwa furaha kubadilishana. 777 yenye 3-4-3 mara nyingi safu zake za mwisho hupungua kuwa 2-4-2 pale mwili wa ndege unapobana; kelele ya choo ipo, lakini mko wawili.

Ramani ya siti iangalieni mara tatu: siku mnayokata, siku 3 kabla, na dakika chekini inapofunguka. Emirates na Qatar hufungua saa 48 kabla, KLM saa 30, Turkish saa 24. Shirika likibadilisha ndege, siti zenu zinapangwa upya na kompyuta, na kompyuta haijui ndoa.

#11 WakalaWaTiketi

Nimalizie na ile hali ya getini. Jina la mume linaitwa, anapewa pasi mpya ya mbele, mke hakutajwa.

Ofisa ana dakika chache. Msianze mjadala wa haki. Uliza jambo moja: "Ipo siti ya pili, au tunaweza kumpa mke hii?" Kwenye kupandishwa bure kwa sababu nyuma kumejaa, ofisa anaangalia siti ipungue nyuma, na mara nyingi hana sababu ya kukataa mke akae mbele badala ya mume, kama hawajafunga ndege. Lakini kwenye kupandishwa kwa hadhi au maili, siti ni ya aliyetajwa. Kubadilishana ndani ya ndege baada ya kupaa kunategemea mkuu wa wahudumu, na mashirika mengi yanakataza.

Mkikataa, semeni mapema na waziwazi ili arudishiwe siti yake ya awali. Mkisita, siti ya nyuma inapewa mtu mwingine na mume anajikuta dirisha la safu ya 38.

Kinyume chake pia hutokea: mmelipia biashara wawili, mmoja anashushwa. Mkiwa mnaondoka uwanja wa Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, au mnaelekea huko kwa shirika la Ulaya, Kanuni 261 ya mwaka 2004, kifungu cha 10, inampa aliyeshushwa marejesho ndani ya siku 7: asilimia 30 ya bei ya tiketi kwa safari ya hadi kilomita 1,500, asilimia 50 kwa za kati, asilimia 75 kwa zaidi ya kilomita 3,500. Amsterdam–Nairobi ni ya 75. Inahesabiwa kwa kipande alichoshushwa, kwa abiria aliyeshushwa. Ombeni karatasi iliyoandikwa kwamba ameshushwa bila kutaka, na msipokee vocha kabla hamjaipata.

#12 BintiMrima

Mkuu, na chakula. Mkipandishwa siku ya mwisho, ombi la chakula cha halali, MOML, linaweza kubaki nyuma na siti ya zamani, maana chakula cha mbele kimepakiwa kwa hesabu nyingine. Mwambieni mhudumu mara tu mnapokaa, kabla milango haijafungwa, mtaje namba za siti za awali. Trei zenu ziko jiko la nyuma na zina lebo zenye namba hizo.